UZI: Ngome za Omani na mama wa miaka 71: Nizwa, Bahla, Jabrin, na jinsi nilivyorudi kuiangalia Fort Jesus upya

MwanaKibokoni

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Nimerudi Mombasa wiki ya pili sasa. Kila anayeniuliza safari ilikuwaje namjibu "nzuri, alhamdulillah", tunaachana. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani, na nyumbani wameshachoka kunisikiliza, basi nawaletea nyinyi. Uzi mrefu huu, mwenye haraka na apite.

Mimi nimekulia mtaa ambao ukitoka mlangoni, dakika chache tu umeshafika ukutani kwa Fort Jesus. Shuleni tulipelekwa humo mara nne au tano. Tukakaririshwa: Wareno, 1593, msanifu Mwitaliano jina lake Giovanni Battista Cairati, kisha Waomani wakaiteka 1698. Mwisho wa somo, twende tukanunue mabuyu. Hakuna aliyetuuliza hao Waomani walitoka ngome gani kwao, na huko walikuwa wakigombania nini.

Mama mdogo wangu ameolewa Maskati miaka mingi. Mwaka huu akasema nimletee dadake wakaonane kabla miguu haijakataa kabisa. Nikasema sawa, na mimi huko huko nitazuru ngome. Nikajipangia kama mtu anayekwenda sokoni: siku ya kwanza Nakhal na Rustaq, ya pili Nizwa, Bahla na Jabrin. Ngome tano siku mbili, na mzee wa miaka 71 kiti cha mbele.

Wakubwa waliotuonya kuhusu tamaa walijua wanachosema. Nakhal ilikuwa sawa. Ngome imekaa juu ya jabali, na kuta zimefuata umbo la jabali lenyewe, hakuna pembe iliyonyooka, na nyuma yake milima imesimama mikavu kabisa. Mama alipanda nusu, akakaa kivulini, akafurahi. Tukashuka kwenye chemchemi ya maji moto ya Ain al-Thawarah, akatia miguu, akafurahi zaidi. Tulipofika Rustaq jua limekolea. Nikazima gari. Mama akaitazama ngome kupitia kioo, akaniambia: "Mwanangu, ukuta ni ukuta." Hakushuka. Na mimi sikuwa na uso wa kumwacha garini, nikageuza.

Usiku ule nikafuta ratiba. Nikaamua Nizwa siku moja peke yake, na Bahla na Jabrin siku nyingine. Kama hamtachukua kingine kwenye uzi huu, chukueni hilo.

Nizwa tulifika Ijumaa asubuhi na mapema, kwa sababu ya mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka na wanyama wao kwenye duara, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei zinapigiwa kelele. Mama aliyekuwa hataki kuta alisimama pale saa nzima akikosoa mbuzi wa watu.

Ngome iko hapo hapo kando ya soko. Aliyejenga mnara ule ni Imamu (kwao wakati ule Imamu ndiye mtawala wa nchi) Sultan bin Saif al-Ya'rubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Inasemwa ujenzi ulichukua miaka 12. Ni mnara wa duara, mnene ajabu, na siri yake huioni kwa nje: ndani umejazwa udongo na mawe mpaka karibu nusu ya kimo chake. Unaupiga mzinga, unapiga kilima. Hii ni ngome ya watu waliokwisha kuijua baruti.

Kupanda juu kuna ngazi moja nyembamba inayokatakata kona. Kila kona mlango mzito, na juu ya mlango tundu. Mbele ya mlango sakafu ilikuwa mbao za kuondolewa, chini yake shimo. Sasa lile tundu: walikuwa wanamwaga maji ya moto, au asali ya tende iliyochemshwa. Dibsi, jamani. Ile ile tunayochovya mkate.

Mama aliposikia hilo ndipo alipoamka. Akamuuliza kijana wa pale, kwa Kiarabu chake cha madrasa, "Dibsi nyingi hivyo walipata wapi?" Kijana akatupeleka kwenye chumba kimoja chini. Nitaendelea baada ya kula, naitwa.

---

Jamaa wa Buguruni

Mkuu uzi umesimama, usitukatie njiani. Ila kabla hujaendelea tupe bajeti. Sisi wengine tukisikia Omani tunajua kwanza mfuko utalia.

---

MwanaKibokoni

Nimerudi. Bajeti: malazi sikulipa, tulilala kwa mama mdogo, kwa hiyo usinichukue mimi kuwa kipimo. Riali moja ni kama dola 2 na senti 60, kwa hivyo ukiona "riali 5" usicheke ukadhani ndogo. Nizwa kiingilio nililipa hiyo riali 5, na ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Gari la kukodi ndilo lililonimeza, maana bila gari ngome hizi huzifikii kwa raha. Na kule wanaendesha upande wa kulia. Mzunguko wa kwanza tu nilitaka kuingia kinyume, mama akasoma shahada kwa sauti. Nenda kati ya Novemba na Machi. Miezi ya katikati ya mwaka waachie wenyewe.

Haya, chumba cha Nizwa. Ni chumba cha giza, sakafu yake imechongwa mifereji midogo sambamba, kama mgongo wa bati. Mikoba ya tende ilikuwa inapangwa juu yake, mmoja juu ya mwingine mpaka dari. Uzito wenyewe unakamua. Asali inatiririka kwenye mifereji, inaingia kwenye mtungi uliotegwa chini. Hakuna moto, hakuna kinu. Wanakiita madbasa. Nikaambiwa ngome kubwa zote zinacho, na kweli, tulikwenda tukikikuta.

Mama akakaa pale kizingitini, akasema, "Sasa hii nimeielewa. Hii ni stoo." Kuanzia hapo ziara ikawa yake. Kila ngome alikuwa anauliza mambo mawili tu: maji yanaingilia wapi, na chakula kiliwekwa wapi. Mizinga hakuitazama.

Na ndugu zangu, mama yangu alikuwa sahihi kuliko vibao vyote nilivyosoma.

Kesho yake tukaenda Bahla, kiasi cha kilomita 40 kutoka Nizwa. Bahla ni kubwa inatisha, ya matofali ya udongo, na mji mzima umezungushiwa ukuta wa kilomita kama 12. Iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 1987, mwaka mmoja baadaye ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, ikatoka 2004 baada ya matengenezo ya muda mrefu. Ndani utapata kumbi na kumbi tupu. Mimi nilipenda ule ukimya. Mama hakupenda, kwa sababu nyingine: mji ule una sifa ya uganga, kama watu wa Unguja wanavyoisema Pemba, na alikuwa ameshasimuliwa na dadake. Tulikaa dakika arobaini, akisoma kimoyomoyo muda wote.

Jabrin iko mbele kidogo tu. Na hapa ndipo uzi wangu ulipo.

Jabrin si ngome ya vita kwanza. Ni nyumba. Imesimama peke yake kwenye uwanda, mitende pembeni, rangi ya mchanga. Aliijenga Bil'arab bin Sultan, mtoto wa yule wa Nizwa, miaka ya 1670. Ilikuwa makazi yake na madrasa pia. Juu kabisa kulikuwa na vyumba vya wanafunzi. Dari za mbao zimepakwa maua na mapambo, nyekundu na nyeusi na dhahabu iliyofifia, na aya na mashairi yamechorwa kwenye kuta na matao ya ngazi. Kuna ukumbi unaitwa wa Jua na Mwezi, una madirisha 14, saba chini na saba juu. Upepo baridi unaingia kwa ya chini, joto linatokea kwa ya juu. Nilisimama katikati yake mchana, nje kunachoma, nikasikia baridi mikononi. Wallahi nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniangalia kama mzima.

Farasi wa Imamu alikuwa na chumba chake ghorofani. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Na falaj, ule mfereji wa maji wanaouleta kutoka mbali chini ya ardhi, unapita humo humo ndani ya ngome. Mama akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha ukishuka, chini ya ngazi, kuna kaburi. Ni la Bil'arab mwenyewe. Amezikwa ndani ya nyumba yake, na falaj inapita karibu naye.

Kwa nini humo? Kwa sababu mdogo wake, Saif bin Sultan, alitaka uimamu. Akakusanya watu, akamzingira kakake Jabrin. Vitabu vya historia vya Omani vinasimulia kwamba Bil'arab alipoona watu wamemgeuka alimwomba Mungu amchukue, akafariki mle ndani katika mazingira yale. Ilikuwa 1692. Mdogo mtu akawa Imamu.

Sasa hesabuni. 1692. Miaka minne baadaye, Machi 1696, jahazi za Omani zinatia nanga Mombasa. Imamu aliyezituma ni nani? Ni Saif huyo huyo. Aliyemzingira kakake kwenye nyumba yenye dari za maua ndiye aliyetuzingirisha sisi miezi 33.

Nilisimama mbele ya kaburi lile nikiwa na umri wangu huu, mtoto wa Kibokoni, na ndiyo kwanza naunganisha ncha hizi mbili.

---

Ruwi Usiku

Yakhe MwanaKibokoni, umeandika vizuri mpaka nimesoma mara mbili kazini. Mimi niko hapa Maskati tangu mdogo, bibi yangu alikuja na wanawe kutoka Unguja miaka ya sabini, sultani Qaboos alipofungua milango. Kiswahili kwetu ndiyo lugha ya jikoni mpaka leo.

Nikuongezee na nikutie uchungu kidogo. Huyo Saif, aliyebandikwa jina la Qaid al-Ardh, yaani pingu ya ardhi, unajua alifia wapi? Rustaq, mwaka 1711, na huko huko alizikwa. Kaburi lake la fahari lilikuja kuvunjwa baadaye. Kwa hivyo siku ile Bi Mkubwa alipokataa kushuka garini mlikuwa mlangoni kwa bwana aliyeiteka Fort Jesus. Mpe salamu zangu, mwambie alimnyima heshima zake.

Na mtoto wake Saif, Sultan bin Saif wa pili, akajenga ngome ya Hazm, karibu na Rustaq, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Babu alijenga Nizwa, baba mkubwa Jabrin, baba akachukua Mombasa, mjukuu Hazm. Ukoo mmoja wa Ya'ariba. Hazm ina milango ya mbao iliyochongwa, ungeiona ungesema uko Mji Mkongwe.

Jingine kwa wanaokuja: Jabrin kuna kifaa cha kusikiliza maelezo unatembea nacho, chukueni. Bila hicho mtapita juu ya chumba kile chenye mashimo chini ya sakafu, walimojificha askari Imamu akizungumza na wageni asiowaamini, na hamtajua mmekanyaga nini. Na viatu viwe vya kufunga. Ngazi za Jabrin zina vidato virefu, wazee waende polepole na wasione haya kurudi.

Zile mbili za Maskati penyewe, Mirani na Jalali, za Wareno wa miaka ya 1580, sisi tunaziangalia kwa nje, kutoka ufukweni, na jioni ndiyo saa yake. Jalali ilikuwa jela. Bibi yangu alikuwa hapendi hata kuielekezea kidole.

---

Kilwa Pande

Hapo kwenye jela naomba niingie. Huku kwetu Kilwa Kisiwani ngome iliyoko ufukweni tunaiita Gereza. Wageni wanadhani ni kwa sababu watu walifungwa humo. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, igreja, maana yake kanisa, kwa kuwa ngome zao zilikuwa na kanisa ndani. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na neno likabaki moja.

Wareno walijenga hapa 1505, wakaondoka 1512, hawakumaliza hata miaka kumi. Hii inayoonekana leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye. Kwa hiyo ukisimama pale unaona Mwomani juu ya Mreno. Sawa na Ngome Kongwe ya Unguja, waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno.

Fort Jesus nayo ilikuwa jela toka 1895 mpaka 1958. Lamu vilevile ngome yao ilikuwa jela miaka mingi. Ukichunguza, karibu kila ngome ya pwani hii imefunga watu wa pwani hii.

---

Jamaa wa Buguruni

Sasa wakuu niseme lililo moyoni, msinipige. Naona dari za maua, naona farasi ghorofani, naona asali. Lakini hizo tende alizibeba nani? Huo mfereji aliuchimba nani? Babu zetu wa bara walifika huko wamefungwa. Mnazungumza habari za hawa maimamu kama wajomba zenu.

---

MwanaKibokoni

Hakuna wa kukupiga, kaka. Swali lako nililibeba mwenyewe pale na sikulipatia kibao.

Niseme ninavyoona. Falaj nyingi ni za kale sana, kabla ya Ya'ariba kwa karne nyingi, na zile tano za Omani zilizoingia UNESCO mwaka 2006 ziliingia kwa sababu jamii nzima ilizichimba, ikazitunza na kugawana maji yake kwa saa. Hilo ni lao kwa haki. Lakini huyu Saif, masimulizi ya Waomani wenyewe yanamsifu kwa mitende maelfu kwa maelfu aliyopanda na mifereji aliyofufua, na mstari huo huo unataja watumwa wake, mamia. Wanaandika kama sehemu ya utajiri, pamoja na meli. Basi jibu lako liko kwenye vitabu vyao. Kwenye vyumba nilivyopita mimi sikulisoma ukutani.

Kwenye kile chumba cha madbasa nilijaribu kuinua mkoba mmoja wa maonyesho. Sikuuweza vizuri. Nikawaza mtu aliyeupandisha mpaka dari, mara mia, kila msimu.

---

Ruwi Usiku

Buguruni ana haki, na sisi tunaokaa huku ndio tunaopaswa kulisema zaidi kuliko yeye. Bibi yangu alikuwa akisema kila nyumba ya huku ina mtu asiyesimuliwa. Sitaongeza.

---

Dada wa Leicester

Naombeni nafasi, nimewasoma kimya tangu juzi.

Mimi natokea Tanga, niko Uingereza. Likizo fupi ya shule mwaka jana niliwapeleka watoto kaskazini mwa Wales kwenye ngome za mfalme Edward wa Kwanza, Conwy na Harlech. Mvua siku tatu mfululizo. Mtoto wa kiume alitaka mazimwi, wa kike alitaka duka la zawadi, mimi nilitaka chai. Hatukuelewa kitu, tukapiga picha tukarudi.

Leo kwa swali la mama yako nimerudi kwenye picha zangu, na nimeshangaa. Harlech iko juu ya mwamba, na pembeni kuna ngazi ndefu inayoteremka mpaka chini. Nililaani zile ngazi, zile za kwenda baharini ni 108. Kumbe bahari zamani ilifika pale chini, na ngazi ile ndiyo iliyokuwa mlango wa chakula. Wawelsh walipoasi 1294 na kuizingira, ngome ililishwa kwa meli kutoka Ireland. Wakashindwa kuitwaa.

Conwy mwaka huo huo mfalme mwenyewe alikwama ndani, mto umejaa, msafara wake wa mizigo umenyang'anywa njiani. Ngome mpya kabisa, ilijengwa 1283 mpaka 1287, minara minane, na mfalme ana njaa. Wanasimulia walibakiwa na pipa moja la mvinyo, akakataa kunywa peke yake, likagawanywa.

Kwa hiyo mwambie Bi Mkubwa kwamba stoo yake imefika Wales. Na mimi nitarudi Harlech, safari hii nakwenda kwenye ngazi kwanza. Watoto nimewaahidi duka la zawadi.

---

Kilwa Pande

Dada wa Tanga umenikumbusha. MwanaKibokoni, wewe uliye jirani nayo: hiyo miezi 33 ya Fort Jesus, waliokuwa ndani walikula nini?

---

MwanaKibokoni

Ndilo swali lililonitoa nyumbani Jumamosi iliyopita. Nilimchukua mama tukaenda. Kutoka kwetu ni kutembea tu, lakini kwa miguu yake tukapanda tuktuk.

Kwanza niseme ambacho shuleni hatukufundishwa. Tuliambiwa "Wareno walizingirwa". Waliozingirwa wengi walikuwa sisi. Wareno wenyewe walikuwa kama 50 mwanzoni. Waliobaki, zaidi ya elfu, ni watu wa pwani, wanawake na watoto wakiwemo. Na kati ya waliokuwa upande wa Omani kulikuwa na watu wa Pate. Mswahili ndani, Mswahili nje. Mwaka 1697 maradhi yaliwafagia Wareno karibu wote, na aliyeishikilia ngome akawa Bwana Dau wa Faza na watu wake, mpaka meli za msaada zilipofika Septemba. Moja ya meli za msafara ule, Santo António de Tanna, ilizama hapo hapo mbele ya ngome. Wazamiaji waliichunguza miaka ya 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vyake viko kwenye makumbusho humo ndani. Nilikuwa nikivipita kila mwaka nikidhani ni vyungu vya mtu.

Msaada uliofuata ulichelewa. Ngome ilianguka Desemba 1698, ndani wakiwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Meli zikatokea siku chache baadaye, zikaona bendera ya Omani juu, zikageuza.

Sasa mama. Aliingia, hakuangalia mizinga wala michoro ya ukutani. Akamuuliza mlinzi: "Mwanangu, kisima kiko wapi?" Mlinzi, kijana wa Kisauni, akatupeleka. Kisima kipo, kirefu, wamechimba jabali la matumbawe kwenda chini sana, lakini maji yake ni ya chumvi, ya kuogea tu. Ya kunywa ilikuwa mvua, ikikingwa kwenye birika. Mama akalizunguka birika lile polepole, akilipima kwa macho kama anavyopima sufuria za shughuli.

Akasema: "Watu elfu?"

Mlinzi akasema ndivyo, bibi, kwa wanavyoandika.

"Na stoo?"

Mlinzi akacheka, akaonyesha mkono upande wa bahari. Yaani vyakula vililetwa kwa mashua, kwa kuvizia usiku, pale njia ilipopatikana.

Mama akatikisa kichwa, akasema, "Hii hakujenga mtu aliyewahi kupika." Kisha akataka kukaa, tukakaa kwenye kivuli cha lango mpaka alasiri.

Nikawa nafikiri: Saif alijua. Alikuwa ameshaona nyumba yenye stoo imejaa na maji yanapita ndani, na bado kakake alikwisha humo. Kwa ngome yenye kisima cha chumvi, alihitaji subira tu. Hili ni wazo langu, msilipeleke darasani.

---

Jamaa wa Buguruni

Mkuu, nimekubali. Nikijaliwa nitaanza na hiyo Fort Jesus yenu maana ni ya basi tu, Omani itanisubiri. Nitauliza kisima. Picha ziko wapi lakini?

---

Ruwi Usiku

Na Bi Mkubwa aliondoka na dibsi? Mgeni wa Nizwa asiyebeba chupa hatumhesabu.

---

MwanaKibokoni

Picha nitapandisha kesho, simu iko kwa mtoto.

Dibsi alibeba, Ruwi, chupa mbili, na kopo la halwa. Nilimwambia azifunge kwenye mifuko ya nailoni, akaniambia yeye amefunga mizigo kabla sijazaliwa. Chupa moja ilipasuka kwenye begi. Kanga tatu, ramani yangu ya ngome, na kiatu kimoja cha kufunga. Tumefua, tumeanika, na mpaka leo sisimizi wa Kibokoni nzima wamelizingira begi lile.